Mashaka ya Wenye Magari na Ahadi za Barabara

Imekuwa desturi katika nchi ya Kenya kwamba Serikali inapotangaza jambo jipya juu ya barabara au juu ya uendeshaji wa magari, wenye magari hulipokea tangazo hilo kwa kicheko. Waziri akisema kwamba barabara fulani itatiwa lami kabla ya mwaka kwisha, dereva wa lori huuliza, "Mwaka gani?" Mkuu wa polisi akisema kwamba kuanzia Jumatatu sheria itafuatwa bila huruma, utingo wa matatu hujibu kwamba Jumatatu itapita, na Jumanne itakuja. Maneno haya husemwa kwa mzaha, lakini ndani yake mna jambo zito ambalo yafaa lichunguzwe, maana hasara yake huhesabiwa kwa shilingi na kwa roho za watu.

Wako wanaosema kwamba mashaka hayo ni ukaidi tu, na kwamba watu wa Kenya hawapendi kuambiwa la kufanya. Hukumu hiyo si ya haki. Mwenye gari amefanana na mwenye duka aliye na daftari la madeni. Amekopesha mara nyingi, akalipwa mara chache, na sasa mteja yule yule amerudi kutaka kukopeshwa tena. Afadhali basi daftari hilo lifunguliwe na kusomwa, ili ijulikane lipi limelipwa na lipi lingali deni.

SHILINGI 25 KATIKA KILA LITA

Mwaka 1993 ilitungwa sheria ya ushuru wa kutunza barabara. Nia ya sheria hiyo ilikuwa njema na rahisi kufahamika. Badala ya fedha za barabara kugombaniwa katika Hazina kila mwaka pamoja na mahitaji ya shule na hospitali, kila anunuaye petroli au dizeli angetoa kiasi kidogo, na kiasi hicho kingewekwa kando kwa kazi ya barabara peke yake. Atumiaye barabara sana angelipa zaidi, na atumiaye kidogo angelipa kidogo. Mwaka 1999 ikatungwa sheria nyingine ya kuanzisha Bodi ya Barabara ya Kenya, ambayo kazi yake ni kuusimamia mfuko huo.

Tangu mwaka 2016 ushuru huo ulikuwa shilingi 18 kwa lita moja. Mwezi wa Julai 2024 ulipandishwa ukawa shilingi 25. Na tufanye mfano wa mkulima mwenye pikapu ya kupeleka maziwa kiwandani. Akinunua lita 40 kwa juma, hutoa shilingi 1,000 kila juma kwa ajili ya barabara, na kwa mwaka mzima ni shilingi 52,000. Hiyo ni bei ya ng'ombe, na mkulima huyo anajua vizuri ng'ombe hupatikana kwa taabu gani. Wala asiye na gari hakuokoka, maana nauli ya matatu, bei ya unga na bei ya mbolea vyote vina ushuru huo ndani yake.

Mkulima huyo akiisha kulipa, hurudi nyumbani kwa njia yenye mashimo yale yale. Masika yakija, gari hukwama matopeni na maziwa huchacha. Hapo ndipo shaka huzaliwa. Si lazima awe ameibiwa. Huenda fedha zake zimefanya kazi mahali pengine. Lakini hakuna aliyemwonyesha mahali hapo.

Tena mwaka 2025 palitokea jambo lililowastaajabisha wengi. Serikali ilikuwa na deni kubwa kwa wakandarasi waliojenga barabara bila kulipwa, na katika sehemu nyingi mitambo ilikuwa imeondolewa na kazi kuachwa nusu. Basi shilingi 7 kati ya zile 25 ziliwekwa dhamana ili zikopwe fedha, kiasi cha shilingi bilioni 175, za kulipa madeni hayo. Mpango huo ulikuwa na faida yake, kwa kuwa wakandarasi walianza kurudi kazini. Lakini mwenye gari alifahamu kwamba sehemu ya fedha anazotoa leo, akidhani zinaziba shimo la leo, inalipia kazi za jana zilizoagizwa kabla ya fedha zake kupatikana. Mtu anayejenga nyumba kwa namna hiyo, akimwita fundi kabla ya kujua atamlipa nini, hasifiwi na majirani zake.

Katika mwaka ule ule wa 2024 ushuru wa mafuta ulipopandishwa, Mswada wa Fedha ulitaka pia kila mwenye gari alipe kodi mpya kila mwaka, yaani asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isipungue shilingi 5,000 wala kuzidi shilingi 100,000. Watu walipinga kwa nguvu. Kodi hiyo iliondolewa mwezi wa Juni, na kabla ya mwezi huo kwisha mswada mzima ukaachwa. Katika mabishano yale neno moja lilisikika mara nyingi: kabla ya kuomba fungu la pili, onyesheni kazi ya fungu la kwanza.

SHERIA ILIYOTANGAZWA MARA MBILI

Ukurasa wa pili wa daftari ni wa uendeshaji. Mwezi wa Oktoba 2003 aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu Bwana John Michuki, alitoa masharti mapya kwa magari ya abiria, nayo yakaanza kutumika tarehe 1 Februari 2004. Kila gari la abiria lifungwe kidhibiti mwendo, lisiweze kupita kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kiwe na mkanda. Matatu ndogo zisichukue abiria zaidi ya 14. Gari lipigwe mstari wa manjano ubavuni, na dereva na utingo wavae sare.

Wenye matatu wengi walicheka kama ilivyo desturi, wakangoja waone. Siku ilipofika, magari yasiyotimiza masharti yalizuiliwa, na watu maelfu wakaenda kazini kwa miguu. Taabu ilikuwa kubwa, lakini baada ya siku chache magari yalianza kurudi barabarani yakiwa na mikanda na mistari ya manjano, na abiria wakakaa kila mmoja kwenye kiti chake. Ajali zilipungua kwa muda. Mzee aliyezoea kusafiri ameinama chini ya paa la gari, magoti ya mwenzake yakiwa mbavuni mwake, aliona ajabu. Hata leo masharti hayo huitwa Sheria za Michuki, na waziri ambaye jina lake limebaki midomoni mwa watu kwa namna hiyo hakulaumiwa kwa ukali wake. Alisema siku, na siku hiyo ikafika.

Kisha miaka ikapita. Mikanda ikachakaa bila kubadilishwa, waya za vidhibiti mwendo zikafunguliwa, na abiria wa 15 na wa 16 wakarudi. Askari barabarani akaona, lakini mara nyingi kitu kidogo kilipita kutoka mkono hadi mkono, na gari likaendelea na safari. Hapakutangazwa kwamba sheria imefutwa. Ilisahauliwa tu.

Tarehe 10 Oktoba 2018 basi lilianguka huko Fort Ternan katika Kericho, na zaidi ya watu 50 wakafa. Baadaye mawaziri wawili, Bwana Fred Matiang'i na Bwana James Macharia, walitangaza kwamba Sheria za Michuki zitafuatwa tena kwa ukali kuanzia tarehe 12 Novemba. Magari yakatoweka barabarani kama mwaka 2004, na watu wakatembea kwa miguu kama mwaka 2004. Dereva mwenye akili aliuliza swali lake: ikiwa sheria haikufutwa, kwa nini itangazwe upya? Na ikiwa imetangazwa upya, je, haitasahauliwa tena?

Jambo la namna hiyo lilikuwa limetokea mwanzoni mwa mwaka huo huo. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana karibu na Sachangwan, katika barabara ya Nakuru na Eldoret, na watu 36 wakapoteza maisha. Mara ikatolewa amri kwamba mabasi ya safari za mbali yasisafiri usiku. Wenye mabasi wakapata hasara, abiria wakalala vituoni, na baada ya miezi michache amri ikaondolewa. Amri inayokuja baada ya mazishi na kuondoka baada ya matanga humfundisha dereva kungoja tu. Hujifunza kwamba ukali wa Serikali una msimu wake kama mvua, na mwenye subira hujikinga mpaka upite.

AHADI ZILIZOTIMIZWA

Haifai kusoma madeni tu na kuficha malipo. Huko huko kwenye mteremko wa Salgaa na Sachangwan, mahali ambapo kwa miaka mingi malori yalikuwa yakishindwa kusimama na kuyagonga magari yanayopanda, kilijengwa kizuizi cha zege katikati ya barabara ili wanaopanda na wanaoteremka watengwe. Ajali za kugongana uso kwa uso zikapungua. Hapo hapakuhitajiwa hotuba. Kizuizi hakilali, hakipokei kitu kidogo, wala hakingoji mkubwa apite ndipo kifanye kazi. Dereva wa lori hukiona kwa macho yake, naye hukiamini.

Barabara ya Thika pia ilianza kupanuliwa mwaka 2009, na mwezi wa Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki akaifungua. Waliokuwa wamecheka walinyamaza. Lakini hata katika kazi hiyo njema palikuwa na upungufu, kwa kuwa madaraja ya miguu yalikawia kuliko njia za magari, na watu waliokuwa wamezoea kuvuka barabara nyembamba wakajikuta wanakimbia mbele ya magari yaendayo kasi. Mwenye gari alitimiziwa ahadi yake mapema. Mwenye kutembea kwa miguu alingojeshwa. Ni vizuri hili likumbukwe, maana katika Kenya wanaokufa barabarani kwa wingi zaidi ni hao hao wanaotembea kwa miguu.

Katika mifano hiyo miwili yafaa msomaji aone jambo moja. Watu hawakushawishiwa kuamini. Walionyeshwa kitu kinachoonekana na kinachodumu, na shaka yao ikapungua yenyewe.

SHAKA ISIWE KISINGIZIO

Hata hivyo upande wa madereva nao una maneno ya kuambiwa. Mashaka yakikaa sana moyoni hugeuka kuwa kisingizio. Dereva anayefungua waya za kidhibiti mwendo husema, "Hata Serikali yenyewe haikukusudia." Mwenye lori anayepakia kupita kiasi husema kwamba barabara ni mbovu tangu zamani, hivyo uzito wake hauongezi kitu. Mwanafunzi wa udereva anayenunua cheti bila kujifunza husema kwamba kila mtu hufanya hivyo.

Maneno hayo hayana msingi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya uzito wa magari inaweka tani 56 kuwa mwisho wa uzito wa lori kubwa kabisa pamoja na mzigo wake. Mizani iko Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye, nayo haikuwekwa kwa ajili ya kuwasumbua watu. Ekseli iliyobebeshwa kupita kiasi huikandamiza lami mpaka ipasuke, maji ya mvua huingia katika ufa huo na kulainisha udongo ulio chini, na lori la pili likipita, ufa huwa shimo. Mwenye lori aliyepenyeza mzigo wake mizanini kwa hongo, kisha akakaa hotelini akiilaumu Serikali kwa mashimo, anajilaumu mwenyewe bila kujua.

Tena hasara haimpati yeye peke yake. Tarehe 30 Juni 2023, jioni, lori lilipoteza njia kwenye njia panda ya Londiani, likawapitia wachuuzi, abiria na watu waliosimama kando ya barabara. Walikufa watu 52. Wengi wao hawakuwa na gari wala leseni. Walikuwa wakiuza mboga na kungoja nauli. Kwa hesabu za mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, waliokufa katika barabara za Kenya mwaka 2023 walikuwa 4,324, na mwaka 2024 walikuwa 4,748. Hesabu hiyo ilipanda katika mwaka ule ule ambao ushuru wa barabara ulipandishwa.

Hapa ndipo ulipo ubaya mkubwa wa ahadi isiyotimizwa. Barabara iliyoahidiwa isipojengwa, hasara ya kwanza ni mashimo, na mashimo yaweza kuzibwa. Hasara ya pili ni kwamba dereva hujifunza kuidharau kila kauli ya Serikali, hata ile inayomwambia apunguze mwendo mbele ya shule. Kwake yeye tangazo la lami na kibao cha kilomita 50 vimetoka kinywa kimoja. Akiisha kukataa kimoja, si rahisi akiheshimu kingine.

AHADI IPIMWE NAMNA GANI

Basi mwananchi afanye nini? Kuamini kila neno ni ujinga, na kucheka kila neno ni uvivu. Iko njia ya tatu, nayo ni kupima. Ahadi ya barabara ikitolewa, mtu aulize mambo manne: itakamilika tarehe gani, fedha zake zimetoka wapi, ni ofisi ipi itakayojibu ikishindwa, na ni nani atakayeitunza ikiisha kujengwa.

Swali la tatu huwashinda wengi. Kwa sheria ya mwaka 2007 barabara kuu zinazounganisha miji na mipaka ziko chini ya mamlaka ya KeNHA, za mijini chini ya KURA, na za mashambani chini ya KeRRA; na tangu mwaka 2013 serikali za kaunti nazo zina barabara zao. Mkulima asiyejua njia yake ni ya nani hupelekwa ofisi hii na ofisi ile mpaka achoke. Akijua, barua moja huenda mahali panapostahili. Na barua hiyo ina nguvu. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na sheria ya mwaka 2016 inataka ofisi iliyoombwa habari itoe uamuzi wake katika muda wa siku 21. Akinyimwa bila sababu ya haki, iko tume inayosikiliza malalamiko ya wananchi juu ya maofisa. Chama cha ushirika chenye wanachama mia moja, kikiandika barua kuuliza ni shilingi ngapi zilizotengwa kwa barabara ya kijiji chao na ni nani aliyezipokea, kitakuwa kimefanya kazi kubwa kuliko vicheko vya mwaka mzima.

Kipimo hicho kiko tayari kutumika. Barabara ya kutoka Rironi kwenda Mau Summit, ambayo wasafiri wa magharibi hukaa humo saa nyingi wakati wa sikukuu, ilitiliwa sahihi mkataba na kundi la makampuni ya Ufaransa mwaka 2020. Kazi haikuanza, na mkataba ule ukavunjwa. Tarehe 28 Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua kazi hiyo upya chini ya mkataba mwingine na makampuni ya China pamoja na mfuko wa akiba ya wafanyakazi, NSSF, ikaahidiwa kwamba itakamilika mwaka 2027, na kwamba watakaoitumia watalipa kwa kilomita. Hapa tarehe imetajwa, mahali pamejulikana, na chanzo cha fedha kimesemwa. Lililobaki ni kwa wenye magari kuandika mambo hayo katika daftari na kuyasoma tena tarehe ikifika. Wana haki pia ya kuuliza tangu sasa jambo ambalo halijaelezwa vya kutosha: mtu aliyekwisha lipa shilingi 25 kwa kila lita, akilipa tena langoni, ushuru wake wa kwanza utakuwa umefanya kazi gani?

Kwa upande wa Serikali shauri ni fupi. Watu hawataki ahadi nyingi zaidi. Wanataka chache zenye tarehe, na tarehe ikipita, aliyeahidi asimame mbele yao aseme sababu. Fedha za ushuru wa mafuta zitangazwe kila mwaka kwa kila wilaya kwa lugha wanayoisoma watu, zibandikwe ukutani kwa chifu na kwenye ofisi ya kata, ili mwenye pikapu ya maziwa aone shilingi 52,000 zake zimelala wapi. Na sheria ya uendeshaji ikitangazwa, ifuatwe siku ya mia kama ilivyofuatwa siku ya kwanza, kabla ya ajali wala si baada yake.

Na kwa dereva shauri ni fupi zaidi. Akiwa na shaka na waziri, na amwandikie. Akiwa na shaka na mkandarasi, na aulize mahesabu. Lakini mkanda aufunge, mzigo aupunguze, na mwendo aupunguze penye watoto, hata kama barabara ile iliyoahidiwa bado haijafika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa ulio mikononi mwa dereva mwenyewe hauhitaji kungoja bajeti.